Tezi Iliyolala Juu ya Moyo

Hoja: Mtoto anapofunguliwa kifua ili kutibiwa moyo, tezi ya thaimasi iondolewe kumpa daktari nafasi.

DAKTARI WA UPASUAJI: Naunga mkono. Mtoto wa miezi minane akishafunguliwa mfupa wa kidari, kinachoonekana kwanza si moyo. Kuna nyama laini ya rangi ya waridi, imelala juu ya moyo na mishipa mikubwa ya damu, mara nyingine imepanda mpaka chini ya koo. Hiyo ndiyo thaimasi. Tundu la moyo halizibwi kwa kupapasa. Lazima nione, na lazima nipate pa kupitisha mirija ya mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati moyo umesimamishwa. Kila dakika inayopotea mtoto akiwa kwenye mashine hiyo, yeye ndiye anayeilipia. Kwa hiyo tunakata sehemu ya tezi, pengine yote. Wapasuaji duniani kote wamefanya hivyo kwa miongo mingi, na watoto wale wamekua, wamesoma, wameoa na kuolewa. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa, karibu mmoja ana hitilafu ya moyo, na katika nchi zetu wengi wao hawafiki mezani kwangu kabisa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

MWALIMU WA BIOLOJIA: Napinga. Daktari ametueleza tezi ilipo, hajatueleza inafanya nini. Imekuwa kubwa kwa mtoto kwa sababu kazi yake nzito ni ya utotoni. Seli changa hutoka kwenye uloto wa mifupa, zikasafiri kwenye damu, zikaingia humo bado hazijawa chochote. Ndani ya tezi kila seli hukata vipande vya jeni zake na kuviunganisha upya, ili kutengeneza kipokezi, yaani kile kitakachoiwezesha kutambua kitu kigeni. Uunganishaji huo ni wa kubahatisha. Ukitoka vizuri, seli hupata kipokezi cha kugundua virusi ambavyo havijawahi kufika Musoma. Ukitoka vibaya, hupata kipokezi kisichoshika chochote, au kinachoshika nyama ya mtoto mwenyewe.

MAMA MZAZI, MUKENDO, MUSOMA: Subiri kidogo, mwalimu wangu. Kubahatisha? Binti yangu, huyu anayesubiri kupasuliwa moyo, nimembeba miezi tisa, halafu kinga yake inatengenezwa kwa kubahatisha?

MWALIMU: Ndiyo, mama, na ingekuwa vinginevyo asingeishi. Binadamu ana jeni kama 20,000 tu za kutengeneza protini. Hazitoshi kubeba maelezo ya kila kijidudu kilichopo na kitakachokuja. Mwili hutengeneza vipokezi vya kila namna, mamilioni kwa mamilioni, kisha huchuja. Pa kuchujia ni thaimasi.

Uchujaji una ngazi mbili. Ya kwanza hufanyika kwenye tabaka la nje la tezi. Seli zetu zina protini ziitwazo HLA, zinazoshika vipande vidogo vya protini na kuvianika nje ya seli. Seli T, yaani ile seli inayokomaa humo kwenye thaimasi, haikioni kirusi kizima. Inaona kipande chake kikiwa kimeshikwa na HLA ya mwili wake. Rolf Zinkernagel na Peter Doherty waligundua jambo hilo kwa panya huko Canberra, Australia, wakalichapisha mwaka 1974, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Basi, seli ambayo kipokezi chake hakiwezi kabisa kuigusa HLA ya mwenye mwili haipati ishara ya kuendelea kuishi. Inakufa ndani ya siku chache. Nyingi huishia hapo. Zinazobaki huingia sehemu ya ndani, na huko swali hugeuka: je, unashika kwa nguvu kupita kiasi? Inayong'ang'ania protini za mwili huamriwa kujiua. Mwaka 1987 John Kappler na Philippa Marrack, kule Denver, walionyesha kwa panya jinsi seli za namna hiyo zinavyofutwa kabla ya kutoka kwenye tezi.

MAMA: Mimi nauza samaki Mwigobero, hapa Musoma, kwa hiyo niambie kama nimekosea. Kwa miaka mingi sangara halali alikuwa wa sentimita 50 hadi 85. Aliyepungua hapana, aliyezidi hapana. Ndivyo?

MWALIMU: Ndivyo, ila geuza mwisho wake. Sangara wa kati ndiye aliyeishia sokoni. Seli ya kati ndiyo inayoachiwa iishi. Dhaifu mno haina msaada, kali mno ina hatari.

DAKTARI: Mwalimu, kati ya seli 100 zinazoanza safari hiyo, ngapi hutoka zikiwa hai?

MWALIMU: Kama mbili hadi tano.

DAKTARI: Nashukuru kwa ukweli wako. Basi tunakitetea kiungo ambacho zaidi ya 90 kati ya kila 100 hufia ndani yake, na chenyewe huanza kupungua tangu mwaka wa kwanza wa maisha, nafasi yake ikichukuliwa na mafuta. Mtoto wa binadamu hazaliwi mikono mitupu. Thaimasi yake imefanya kazi miezi kadhaa tumboni mwa mama. Anazaliwa akiwa na seli T kwenye damu, kwenye wengu, kwenye matezi ya kwapani na shingoni. Nikikata tezi akiwa na miezi minane, sijamnyang'anya zile alizokwisha kupata.

MWALIMU: Umehesabu vifo ukaviita hasara. Vifo hivyo ndivyo vinavyotufanya tuishi bila miili yetu kujishambulia. Sehemu ya ndani ya thaimasi ina seli za ajabu. Zinatengeneza insulini kidogo, ingawa kushusha sukari si kazi yao. Zinatengeneza protini za tezi ya shingo, za jicho, za tumbo. Jeni iitwayo AIRE, iliyotambuliwa mwaka 1997, ndiyo inayoziamuru. Kwa nini tezi ya kifuani itengeneze insulini? Ili seli T changa inayoweza kuishambulia kongosho ionekane mapema na ifutwe kabla haijafika huko. Watu waliozaliwa na AIRE mbovu hushambuliwa na kinga yao wenyewe, tezi moja baada ya nyingine. Mimi nikisimulia hili darasani siwezi kulipita haraka. Mwili umeweka mahali pamoja sampuli za viungo vyake vingi ili tu kuwapima vijana wake.

DAKTARI: Linapendeza darasani, sikatai. Lakini uthibitisho wako mwingi ni wa panya.

MWALIMU: Nitaanza na panya, kisha nitakufuata kwa binadamu. Mwaka 1961 Jacques Miller, akiwa London, alitoa thaimasi za panya siku waliyozaliwa. Limfosaiti zao, yaani seli nyeupe za kinga, zikapungua sana, wakaipokea ngozi ya panya mgeni bila kuikataa, na wengi wakafa mapema. Kabla ya hapo kiungo hiki kilihesabiwa kuwa mabaki yasiyo na kazi. Mwaka 1969 Wajapani Nishizuka na Sakakura wakasubiri mpaka siku ya tatu ndipo wakakata. Panya hao hawakuishiwa kinga. Ovari zao ndizo zilizoshambuliwa na kinga hiyo hiyo. Shimon Sakaguchi aliufuata uzi huo miaka mingi, na mwaka 1995 akazionyesha seli T zinazotuliza nyingine. Nazo hutoka thaimasi. Mwaka 2025 alipata Nobel pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell. Kwa hiyo siku ya kukata si jambo dogo.

DAKTARI: Kwa panya. Panya huzaliwa kinga yake ikiwa changa kuliko ya mtoto wetu. Kwa binadamu seli hizo za kutuliza zimo tayari kabla ya kuzaliwa. Ulisema utanifuata kwa binadamu. Nakusubiri.

MUUGUZI WA CTC: Mpaka mwalimu ajipange, niseme mimi, maana mnazungumza kana kwamba maisha ya mtoto yanakwisha siku ya kutolewa nyuzi. Kliniki yetu inahudumia watu wanaoishi na VVU. Tunawaeleza kuwa CD4 ni askari wa mwili, na hizo CD4 ni seli T zilizopita kwenye uchujaji huo huo. Tangu mwaka 2004, dawa za ARV zilipoanza kutolewa bure nchini, tumeona watu waliobebwa mgongoni wakirudi kuvua. Zile CD4 mpya zinatoka wapi? Sehemu ni zilizobaki zikizaana. Sehemu nyingine ni changa kabisa, zimetoka thaimasi. Mwaka 1998 Daniel Douek na wenzake walipima alama za DNA zinazobaki kwenye seli iliyotoka thaimasi karibuni, wakaonyesha kuwa hata tezi ya mtu mzima bado inatoa seli, na kwamba mgonjwa akianza dawa utoaji huo hupanda. Mafuta yameijaa, ndiyo, lakini haijafa.

Haya, chukua selimundu. Kanda yetu ya Ziwa inaijua. Tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inawapandikizia watoto wenye selimundu uloto wa ndugu anayelingana nao HLA. Uloto mpya ukishika, seli T changa zitakazotoka humo zitachujwa wapi? Kwenye thaimasi ya mpokeaji. Binti wa mama huyu leo ana tatizo la moyo. Hakuna anayejua miaka 30 ijayo atahitaji nini.

DAKTARI: Dada muuguzi, hoja yako inahesabia ugonjwa ambao hajaupata. Mimi nahesabia ule alionao.

MUUGUZI: Sawa, njoo kwenye ule anaoweza kuupata kesho. Mwaka 1971 Mugerwa, mtaalamu wa patholojia wa Kampala, aliandika juu ya watoto waliokufa kwa unyafuzi, ule tunaouita kwashakoo. Thaimasi zao zilikuwa zimenywea. Njaa huila tezi hii kabla ya viungo vingine vingi. Guinea-Bissau waliwapima watoto wachanga kwa ultrasaundi, na waliozaliwa na thaimasi ndogo walikufa kwa wingi zaidi utotoni. Kwetu mtoto anakutana na surua, kifua kikuu na malaria, pengine na utapiamlo juu yake. Sasa wewe unataka aanze bila tezi.

DAKTARI: Umenipa silaha. Thaimasi iliyonywea kwa njaa hurudi mtoto akilishwa, na kipande kilichoachwa baada ya upasuaji nacho kimeonekana kukua tena. Kwa hiyo nikiacha kipande, tezi ina pa kuanzia.

MWALIMU: Nikiacha kipande! Hoja unayoiunga mkono inasema iondolewe.

DAKTARI: Nasema nikiweza. Kuna siku tezi inavuja damu, kuna siku imeshikamana na mshipa wa fahamu unaoendesha kiwambo cha kupumulia. Ukiung'ang'ania ujumbe wa vitabu, unaweza kumwacha mtoto hapumui vizuri. Kanuni ya kuibakiza kila mara ingetungwa na mtu asiyeshika kisu.

MWALIMU: Na kanuni ya kuikata kila mara imetungwa na wasioangalia nyuma. Umesema madaktari dunia nzima wamefanya hivi kwa miongo mingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Marekani waliamini thaimasi kubwa huwaua watoto ghafla. Waliamini hivyo kwa sababu miili waliyojifunzia anatomia ilikuwa ya maskini, waliokufa baada ya njaa na maradhi marefu, tezi zao zimesinyaa. Wakaichukua iliyosinyaa kuwa ya kawaida, na ile ya mtoto mwenye afya kuwa ugonjwa. Maelfu ya watoto wakapigwa mionzi vifuani. Baadaye baadhi yao walipata saratani ya tezi ya shingo. Mazoea ya miongo hayathibitishi kitu.

DAKTARI: Hilo ni kweli na ni aibu ya taaluma yetu. Lakini leta ya leo.

MWALIMU: Ya leo ni hii. Mwaka 2018 watafiti wa Sweden walichapisha kumbukumbu za watu waliokatwa thaimasi wakiwa wadogo kwa ajili ya moyo: walikuwa na maambukizi zaidi, na matatizo ya tezi ya shingo zaidi. Mwaka 2023 madaktari wa Boston waliwalinganisha watu wazima waliotolewa thaimasi na waliopasuliwa kifua bila kutolewa. Ndani ya miaka mitano walikufa asilimia 8.1 ya waliotolewa na asilimia 2.8 ya wenzao, na saratani ilikuwa kama mara mbili.

DAKTARI: Nazifahamu zote mbili, na tuziseme kwa haki. Za Boston ni za watu wazima, na ukilinganisha makundi bila kupiga kura ya nani akatwe, huwezi kujua yote yaliyowatofautisha. Za Sweden zina swali jingine: baadhi ya watoto wenye hitilafu za moyo wana sindromu ya Down, na sindromu hiyo yenyewe huleta matatizo ya tezi ya shingo. Wengine wamepungukiwa kipande cha kromosomu ya 22, hao huzaliwa thaimasi yao tayari ni ndogo au haipo. Lawama zote hizo huwezi kukitwisha kisu changu.

MAMA: Sweden, Boston. Wa mkoa wetu wa Mara amehesabiwa na nani?

DAKTARI: Sijui hesabu ya namna hiyo hapa kwetu, mama.

MAMA: Basi mnapima kinga ya binti yangu kwa maradhi ya watu wa Sweden.

MWALIMU: Mama amegusa mahali penyewe. Mwaka 2009 watafiti wa Paris, Delphine Sauce na wenzake, waliwapima vijana wa miaka ishirini na kitu waliokatwa thaimasi utotoni. Baadhi yao walikuwa na seli T zilizochakaa kama za wazee wa zaidi ya miaka 75. Waliochakaa hasa ni wale walioambukizwa CMV, kirusi kinachokaa mwilini maisha yote na kuzichosha seli T kidogo kidogo. Ulaya wengi hufika utu uzima bila kukipata. Afrika watoto wengi hukipata kabla hawajaanza kutembea vizuri. Kama tezi ni akiba ya kuziba pengo la seli zinazotumika, basi mtoto wa hapa ndiye anayeitumia akiba mapema zaidi, na ndiye hajahesabiwa.

DAKTARI: Sipingi kwamba inawezekana. Napinga mnavyolisema mbele ya mzazi. Mnajua mimi naogopa nini? Naogopa mama huyu atoke hapa ameshika moja tu, kwamba daktari atamkata mtoto tezi ya kinga, akatae safari ya Dar es Salaam kwa upasuaji. Tundu kubwa la moyo halisubiri mjadala. Mapafu huharibika kwa msukumo wa damu, na ukifika wakati fulani hata mpasuaji bora hawezi tena kumsaidia. Thaimasi iliyobaki ndani ya mtoto aliyekufa haimlindi yeyote.

MAMA: Daktari, usinifiche ili nisiogope. Mimi nimeshaogopa tangu siku alipogeuka midomo ya buluu. Safari ya zaidi ya kilometa 1,000 nimeshaikubali, na upasuaji nimeukubali. Ninachouliza ni kingine. Hicho kipande mkishakikata, kinakwenda wapi?

DAKTARI: Mara nyingi hutupwa pamoja na taka za upasuaji. Wakati mwingine hupelekwa maabara.

MWALIMU: Mweleze na ya Duke, daktari.

DAKTARI: Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, huchukua thaimasi zinazokatwa kwa watoto wa moyo, huzitunza maabara kwa wiki kadhaa, kisha huzipandikiza vipande vyembamba kwenye msuli wa paja la mtoto aliyezaliwa bila thaimasi. Mamlaka ya dawa ya nchi ile iliidhinisha tiba hiyo mwaka 2021. Tezi ya mtoto mwingine, iliyo pajani, huanza kuchuja seli T.

MAMA: Kumbe ikiwa pajani kwa mwingine ni dawa, na ikiwa kifuani kwa wangu ni kizuizi.

DAKTARI: Wale hawana kabisa, mama. Bila hiyo wengi hawamalizi miaka miwili.

MAMA: Nimeelewa. Ndiyo maana nasema ina thamani.

MUUGUZI: Na thamani hiyo unaweza kuitunza hata kabla ya safari. Mwaka 1996 watafiti wa Denmark waliwapima watoto wa miezi minne; walionyonya maziwa ya mama walikuwa na thaimasi kubwa kama mara mbili ya walionyweshwa maziwa ya kopo. Mnyonyeshe. Mpe chakula cha kutosha, chanjo zote kwa tarehe zake. Kitakachobaki kifuani kipate cha kukijenga.

DAKTARI: Hilo naliunga mkono bila masharti.

MWALIMU: Na la kubakiza? Nusu ya tezi, au hata ncha zake mbili za juu, mahali ambapo hazikuzuii kuona?

DAKTARI: Nikiweza kuona bila kuikata, nitaisogeza pembeni. Nikihitaji nafasi, nitakata ninachohitaji na kuacha kingine. Siku damu ikinilazimisha kuitoa yote, nitaitoa yote, na sitaomba radhi kwa mwalimu wala kwa kitabu.

MAMA: Kwangu mimi utaniambia. Kwenye kadi ya kliniki ya binti yangu wameandika uzito wake kila mwezi, chanjo zake, na matone ya vitamini A. Kwenye fomu ya ridhaa mmeandika moyo, damu na usingizi wa dawa. Thaimasi haimo. Naomba iandikwe humo kabla sijasaini, na siku ya kuruhusiwa iandikwe kwenye kadi imekatwa kiasi gani na kimebaki kiasi gani, ili muuguzi wa Musoma atakayemwona akiugua kifua mwaka kesho ajue anamtibu mtoto wa namna gani. Na hesabu hizo zikusanywe. Watoto wa Mara wahesabiwe.